Siku Majirani Walipofagia Majivu Yetu

Giakanja, jioni ya kabla ya safari yako

Kwa Wairimu, mwanangu, na mama yangu kwa jina,

Umeenda Kiriaini kumuaga shangazi yako, nami namjua shangazi yako, hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Basi nina nafasi ya kuandika kabla giza halijaingia. Kesho lori likifika utakuwa na haraka ya viti na sufuria, na mimi nitakuwa nimesimama mahali ninapoziba njia, kama kawaida yangu. Barua hii nitaiweka ndani ya sanduku lako la vitabu. Utaisoma Kagio, ukiwa umeketi katika nyumba yako mwenyewe uliyoinunua kwa mshahara wako wa ualimu.

Mambo ya kuchemsha maji, ya neti ya mbu, ya kufunga mlango kwa komeo, hayo sitaandika. Umewafundisha watoto wa watu hayo yote ubaoni, na mimi ni fundi wa nguo tu, nitakuambia nini juu ya maji? Nataka kuandika juu ya lile jambo la jana tulipokuwa tunakunywa chai. Nilikuuliza kama umeikatia ile nyumba bima. Ukaweka kikombe chini, ukaniangalia, ukasema, "Baba, bima ilitusaidia nini?"

Nilichukua kofia nikaenda kumwangalia ng'ombe, na ng'ombe hakuwa na shida yoyote. Alinitazama, akaendelea kutafuna. Nilikaa kule zizini kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu mzima, nikitafuta jibu, na niliporudi ulikuwa umeshaosha vikombe. Tangu jana roho yangu haitulii, kwa sababu najua kwamba unaikataa bima kwa ajili yangu. Ulikuwa mtoto, ukaona karatasi ikishindwa, na sasa unakwenda kuweka kila kitu ulicho nacho ndani ya nyumba ya mbao bila kinga yoyote. Nyumba hiyo ikipotea hutakuwa na nyingine, na mimi sina cha kukuongezea.

Kwa hivyo acha nikusimulie vile ilivyokuwa. Wewe unaikumbuka kwa macho ya mtoto. Ulitoka shuleni ukakuta watu wanaimba uwanjani kwetu, umati wa watu, udongo kila mahali, ukafikiri ni sherehe. Ulivua viatu ukaingia katika udongo kuukanyaga pamoja na wanawake, ukicheka. Nilikuona.

Nyumba iliyoungua niliijenga baada ya Uhuru, tulipopewa mashamba yetu na kutoka katika vile vijiji vya Emergency, walikotufungia Waingereza wakati wa Mau Mau. Ilikuwa ya mbao, na paa la mabati, na sakafu ya simiti, na madirisha ya vioo. Katika upande huu wa Tetu nyumba za namna ile zilikuwa chache, na sikatai, niliringa. Mama yako aliringa zaidi. Kila Jumamosi alipiga sakafu deki, kisha anasimama mlangoni na kumwambia kila anayeingia avue viatu, hata mzee wa kanisa. Watu walimcheka wakasema Nyambura ana sakafu badala ya mtoto wa pili. Alisikia, akaendelea kupiga deki.

Wakati ule nilikuwa nashona katika veranda ya duka la Bwana Kanji pale Nyeri mjini. Unamkumbuka, yule Mhindi aliyekuwa akikupa peremende na kukuuliza hesabu. Yeye alikuwa akiuza vitambaa, mimi nashona. Nilipomwambia nimemaliza nyumba, alifurahi kweli, akanipa chai. Halafu akauliza, "Fundi, umekata bima?" Nikamwambia bado. Akasema, "Sikia mimi. Nyumba yako iko mbao, iko mafuta ya taa ndani, iko moto. Ile nyumba ya zamani ikiungua, rafiki yako yote nakuja, najenga. Hii ya mabati nani atajenga? Harambee hapana weza."

Nilibishana naye. Nilimwambia kutaja moto juu ya nyumba mpya ni kuuita. Alicheka mpaka akakohoa. "Moto hapana sikia jina yake," akasema. Mwishowe nilienda, kwa sababu nilimheshimu, na nikakata bima. Mama yako niliporudi nyumbani na ile karatasi hakutaka hata iwekwe chumba cha kulala. Niliiweka dukani kwa Kanji, na ndiyo sababu haikuungua.

Hapo ndipo ninapotaka uweke alama ya kwanza, mwanangu. Karatasi ya bima usiilaze katika nyumba inayoilinda. Iweke shuleni kwa mwalimu mkuu, au uniletee mimi.

Basi, kwa miaka kadhaa tulikaa vizuri. Jikoni palikuwa mbali na nyumba, kama ilivyo desturi, hatua chache kuvuka uwanja. Lakini unajua baridi yetu ya Julai, ile ya ukungu unaokaa mpaka saa sita mchana. Mama yako alikuwa akivuka uwanja na sufuria ya githeri, yale mahindi na maharagwe yetu, katika matope, na kifua chake hakikuwa kizuri hata wakati ule. Aliniambia, "Baba Wairimu, unajua kushonea watu makoti, na mimi naganda." Nikaona aibu. Nikanunua zile mbao za pembeni zenye maganda, zinazouzwa rahisi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, nikaunganisha jikoni na nyumba. Nikafungua mlango katikati. Alifurahi kama msichana. Na juu ya meko tukaweka itara, ule uchaga wa kukaushia kuni, kama mama yangu alivyokuwa nao, na bibi yangu kabla yake.

Lakini itara ya bibi yangu ilikuwa katika nyumba ya udongo, chini ya paa refu la nyasi lililojaa masizi. Moto uliwashwa kidogo kidogo na mtu hakuondoka karibu nao. Mimi niliibandika karibu na mbao kavu zilizopakwa mafuta machafu ya gari ili mchwa asizile. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta mzuri kabisa, nikauweka mahali pabaya.

Na watu wa bima sikuwaambia. Walikuwa wamekatia nyumba iliyosimama peke yake. Sikuficha, mama, haikunijia akilini kwamba mtu wa ofisini anataka kujua ninapopikia. Lakini wanataka kujua. Nakuomba, ukiongeza hata kibanda, hata ukiweka duka dogo la mafuta ya taa pale mbele kama ulivyosema, nenda uwaambie siku hiyo hiyo. Na hayo mafuta, hapana, tafadhali, usiyaweke chini ya paa moja na kitanda chako. Chimbia debe lake nyuma, lijengee mawe. Najua utasema nakusumbua.

Moto ulianza mchana. Mimi nilikuwa Nyeri kwenye cherehani, mama yako alikuwa shambani akichuma kahawa, wewe shuleni. Aliacha githeri motoni, kama kila mwanamke wa Giakanja anavyoacha. Kuni za kwenye itara zilishika. Kariuki jirani yetu ndiye aliyeona moshi, akapiga kelele, na watu wakaja na madebe. Unajua mto wetu uko bonde lipi. Walipofika na maji mara ya pili, mabati yalikuwa yanajikunja. Mama yako alitaka kuingia, wakamshika. Alikuwa akiita jina lako, ingawa alijua uko shuleni.

Nilifika jioni nikakuta sakafu ya simiti imepasuka, na juu yake majivu na misumari. Mama yako alikuwa ameketi juu ya jiwe na debe la kahawa mbichi mapajani, hakulimwaga hata punje. Niliketi karibu naye. Tulilala kwa Kariuki, sisi watatu juu ya kitanda kimoja, na wewe ukauliza kama daftari zako zimeungua, nikasema ndiyo, ukafurahi.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana kilichofuata hakuna mtu wa bima anayeweza kukiandika katika masharti yake.

Asubuhi niliamka kwa sauti za watu. Nikatoka. Giakanja yote ilikuwa imekuja. Wanaume walikuwa na mapanga na majembe, vijana wamebeba fito na nguzo mabegani, wanawake wana karai na vikapu vya udongo. Hata chifu mdogo alikuwa amekunja suruali. Hakuna aliyeitwa. Kariuki ndiye aliyesimama mbele, akaniambia kwa Kikuyu maneno ambayo nitayaandika kwa Kiswahili: "Githinji, kaa kando na mke wako. Leo mtalala kwenu."

Wairimu, wewe umekua ukisikia habari hizi kama hadithi, lakini mimi niliiona nyumba ya mama yangu, yule unayebeba jina lake, ikichomwa na watu wa serikali wakati wa Emergency. Nilikuwa kijana. Tulisimama njiani, na watu wote tuliowajua walisimama njiani vilevile, na nyumba zao zikiungua, na hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kumsaidia mwenzake. Mama yangu hakulia kwa ajili ya nyumba. Alilia kwa sababu hakuna aliyekuja. Kwa desturi yetu nyumba hujengwa siku moja na moto wake huwashwa kabla jua halijatua, ili isilale baridi ikakaliwa na mambo mabaya. Ya mama yangu ililala baridi.

Kwa hivyo nilipowaona wale watu na udongo vichwani, niliangua kilio mbele ya chifu mdogo. Halafu nikachukua jembe mimi mwenyewe nikajiunga nao.

Walianza kwa kusafisha. Walifagia majivu yote, wakayabeba kwenye migomba. Mbao zilizoungua nusu waligawana za kuni, maana ni mwiko kujengea nyumba mpya mti uliokwisha kuungua. Mabati yaliyojikunja waliyanyoosha kwa mawe. Mengine yakaenda kuziba choo cha Kariuki, mengine banda la kuku la mama mmoja. Ile sakafu ya simiti waliivunja kwa nyundo, wakaitupa kwenye shimo la barabara ili magari ya maziwa yapite. Mimi mwenyewe nilifagia pembe ile ilipokuwa itara. Nilifagia vizuri kabisa, kama mtu anayetaka kusahau. Na jioni nyumba ya udongo ilikuwa imesimama, na mama yako aliwasha moto, na watu wakaimba, na wewe ukalala na miguu yenye udongo.

Nilirudi kazini Jumatatu. Kanji alikuwa amesikia. Alinishika mikono yote miwili, akanipa pole, akasema mambo yatakuwa sawa, bima iko. Akaniuliza kama nimefunga pale mahali, kama kuna mtu analinda. Nikamwambia kwa fahari kwamba tumeshajenga.

"Umejenga wapi?"

"Palepale, Bwana Kanji. Watu walikuja."

"Na ile ya moto iko wapi?"

"Tulifagia."

Alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Fundi! Nani alisema fagia? Nani alisema fagia?" Mkewe akatoka nyuma ya duka kuona nani amekufa.

Alipiga simu mwenyewe ofisini kwa watu wa bima, Mungu amkumbuke huko Uingereza aliko kwa wanawe. Baada ya siku chache kampuni ikatuma mtu. Alikuwa kijana mpole kutoka Nairobi, hajui Kikuyu, viatu vyake vilikuwa vimejaa matope tangu barabarani. Nilimkaribisha kiti. Akaangalia ile nyumba ya udongo, ambayo kuta zake zilikuwa hazijakauka, na moshi unatoka.

"Mzee, nyumba iliungua ni gani?"

"Ni hii."

"Lakini hii ni mpya."

"Ile ilikuwa hapa chini ya hii."

Akainama akaangalia chini kana kwamba ataiona. "Na mabati iliungua iko wapi?"

"Ingine iko kwa choo ya Kariuki. Ingine iko kwa kuku."

"Na mbao?"

"Tumepika nayo."

"Uliandikisha kwa polisi?"

Nikamwambia chifu mdogo mwenyewe alikuwepo, alikanda udongo. Akashusha pumzi. Aliandika kidogo, akafuta, akaandika tena. Halafu akaona mahali tulipoacha mawe ya jikoni, akauliza jikoni palikuwa wapi, na mimi nikamwambia ukweli wote, kwamba niliunganisha. Kalamu yake ikasimama.

"Hiyo pia hukutuambia, mzee."

"Sikujua ati mnataka kujua."

"Mimi nakuamini," akasema. "Wallahi nakuamini. Lakini nitawaambia nini ofisini? Niliona nini mimi? Niliona nyumba imesimama."

Mama yako akamletea uji. Akaunywa wote, akashukuru, akaenda. Barua yao ilipokuja sikuhitaji mtu wa kunitafsiria kwamba wamekataa kulipa.

Nimefikiria mambo haya miaka mingi nikiwa nakanyaga cherehani, na kila nikitaka kumlaumu mtu nakosa wa kumlaumu. Yule kijana angeweza kufanya nini? Na Kariuki je? Nimwendee mtu aliyenijengea nyumba nimwambie, umenifilisi? Mpaka leo Kariuki hajui. Hakuna anayejua hapa kijijini ila mimi, na sasa wewe, na mama yako alipokuwa hai. Wanafikiri bima ni wezi tu, na mimi nimewaachia wafikiri hivyo, kwa sababu ukweli ungewaumiza watu ambao hawakunikosea.

Nilimwahidi mama yako sakafu nyingine ya simiti. Wakati ule nilifikiri ni jambo la mwaka mmoja au miwili. Kahawa ikapanda, ikashuka, karo yako ikaja, nayo karo sikuijutia hata siku moja. Nilienda hata kwa wale watu wa bima nikataka niikatie ile ya udongo, angalau nianze upya, wakaniambia nyumba za udongo hawakatii. Nikacheka njia nzima nikirudi, kicheko kibaya. Mama yako akakaa katika nyumba ile, akiipaka udongo kila msimu wa mvua, na baridi ikiingia kifuani mwake, mpaka alipotuacha. Hakuwahi kunilaumu. Jambo hilo ndilo linaloniuma zaidi. Siku moja nikiwa nawalaumu majirani kwa sauti ya chini, alinikatiza. Akasema, "Hao walitulaza siku hiyohiyo. Hiyo kampuni ingetulaza lini?"

Ni maneno yake hayo uliyoniambia jana, sivyo? Umeyabadilisha kidogo, lakini nilimsikia yeye. Ndiyo maana nilienda kwa ng'ombe.

Na hakukosea. Nikisema bima ni bora kuliko watu nitakuwa nasema uongo. Bima haikupi mtu wa kukushika mkono usiingie motoni. Lakini sikiliza, mama, unakokwenda si Giakanja. Kagio ni soko. Watu wametoka kila mahali kuuza nyanya na mchele, jioni kila mtu anafunga mlango wake. Ni watu wazuri, sisemi vinginevyo, lakini hawakujui. Hakuna Kariuki pale. Nyumba yako imebanana na ya jirani mpaka mtu akipiga chafya kule wewe unasema pole huku, na yule jirani anachomelea vyuma. Niliona cheche zikiruka siku uliyonipeleka kuiona, nikanyamaza kwa sababu ulikuwa unafurahi sana kunionyesha dirisha. Na ule mfereji wa maji ya mpunga upo chini kidogo tu ya kizingiti chako. Mvua kubwa ikija, inua kizingiti kwa mawe, na usiweke magunia chini. Ona sasa, nimeanza kukupa maagizo, na nilisema sitakupa.

Naomba ukate bima. Sina haki ya kukuomba, lakini naomba. Mwite mpiga picha wa pale sokoni aipige picha nyumba yako nje na ndani, na vitu vyako vyote, hata kama atakucheka. Ikitokea jambo, Mungu aepushe, kwanza utoke wewe; usirudi hata kwa ajili ya vyeti vyako. Halafu nenda polisi waandike. Halafu uwaite watu wa bima, na mpaka wafike mtu yeyote asiguse kitu. Hata msumari. Hapo ndipo sijui utafanyaje, kwa sababu hata mahali pasipo na Kariuki watu wema hutokea, na mtu aliyebeba udongo kichwani kwa ajili yako ni vigumu kumwambia ashushe. Sijui maneno ya kumwambia. Kama ningekuwa nayo ningekuandikia hapa.

Wala siwezi kukuahidi kwamba ukifanya haya yote watakulipa. Labda watapata kitu kingine ambacho hukuwaambia. Siwezi kuja kulala mlangoni kwako niulinde. Kutoka hapa mpaka Kagio ni mbali kwa mtu wa magoti yangu, na habari ikinifikia itakuwa imeshapoa.

Lakini nitakuja, na hilo ndilo ninaloliogopa. Najijua, Wairimu. Nikisikia nyumba yako imeungua nitapanda gari la kwanza na jembe mkononi na karai chini ya kiti, na Kariuki nitamleta, na yeye atawaleta wengine. Nitashuka pale sokoni, na kabla sijakusalimu nitaanza kufagia, kwa sababu sijui njia nyingine ya kumpenda mtu aliyeunguliwa. Basi nakuomba unizuie. Usinionee haya mbele ya watu. Nishike mikono, ninyang'anye jembe, uniketishe kando ya barabara na uniambie, "Baba, usiguse." Nitalia, na nitabishana na wewe, na pengine nitasema maneno mabaya. Usiniachilie.

Mimi baba yako,
Githinji